Kidole Gumba na Damu ya Yesu

Leo tufungue ukurasa mmoja wa historia, na si historia ya mbali. Ukipanda matatu Kawangware ukapita Dagoretti, safari ni fupi tu unafika Thogoto, mahali ambapo wamisionari kutoka Scotland walijenga kituo chao tangu mwaka 1898. Kilichotokea huko mwaka 1929 kinamhusu kila mtu aliyeokoka hapa Kibera na Kawangware.

Wakati huo wasichana wengi wa Kikuyu walikuwa wakikeketwa. Madaktari wa misheni walikuwa wameona madhara yake wodini, hasa wakati wa kujifungua. Niseme wazi kabla hatujaendelea: juu ya ubaya wa kisu kile, walisema kweli. Leo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inakataza ukeketaji, nami kama mchungaji naiunga mkono kwa mikono miwili. Binti yeyote wa kanisa letu asiguswe.

Shida ilikuwa njia iliyotumika. Machi 1929 makanisa ya misheni yalikutana Tumutumu yakaamua kwamba desturi hiyo iadhibiwe na kanisa. Oktoba, Dkt. John Arthur, aliyeongoza misheni ya Kikuyu, akataka watu watie sahihi tamko la kuikana. Tamko hilo lilimtaka mtu akane pia chama cha siasa, Kikuyu Central Association. Wengi waliweka alama ya kidole gumba, na kwa Kikuyu jambo hilo likaitwa kirore. Ukiweka kidole, unabaki. Ukikataa, uko nje.

Umeona kilichotokea hapo? Mtu aliyebatizwa, anayempenda Yesu, amepimwa kwa wino. Na katika karatasi hiyo moja, jambo la mwili wa binti limefungwa pamoja na jambo la chama. Ndivyo sheria za watu zinavyofanya. Ukifungulia moja mlango, inaingia na ndugu zake.

Waumini waliondoka kwa wingi sana. Madarasa ya misheni yakabaki na viti vitupu. Walioondoka wakaanzisha shule zao na makanisa yao ya kujitegemea, na wengine wakajiita Karing'a, yaani walio safi. Na ukeketaji je? Haukuisha. Ulipata nguvu mpya, kwa sababu sasa ulikuwa alama ya kukataa kutawaliwa.

Mtu atasema, "Lakini Pastor, hao walikataa kwa sababu amri ilitoka kwa wageni." Haya, twende Meru. Mwaka 1956 waliopiga marufuku ukeketaji walikuwa wazee wa nyumbani, baraza la Njuri Ncheke, wakiungwa mkono na serikali ya kikoloni. Wasichana walifanya nini? Walichukua nyembe wakakeketana wenyewe. Waliitwa Ngaitana, maana yake "nitajitahiri mwenyewe." Kwa miaka mitatu zaidi ya watu elfu mbili walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo. Soma Warumi 7 ukiwa na picha hiyo mbele yako. Paulo anasema amri ni njema, ila dhambi hupata nafasi kwa amri hiyo hiyo. Sheria inaweza kumkinga mtoto, na ni lazima imkinge. Lakini haiwezi kuingia moyoni ikampa mtu mapenzi mapya.

Basi moyo hubadilishwa na nini? Tuvuke tu bonde, turudi karibu na Kawangware. Mwaka 1937 watu wa Uamsho kutoka Ruanda na Uganda walikuja Kabete. Hawakuja na karatasi. Walihubiri msalaba, wakatubu dhambi zao hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba, Mwafrika na Mzungu wakaombana msamaha. Obadiah Kariuki, ambaye mwaka 1955 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Kianglikana, alikuwa mmoja wa viongozi wao Ukikuyuni.

Kisha ikaja hali ya hatari ya mwaka 1952. Wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo cha Mau Mau. Sihukumu hapa madai ya ardhi, yalikuwa madai ya kweli. Lakini ndugu walisema wamekwisha kunywa damu ya Yesu, hawawezi kuichanganya na nyingine. Na wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali. Walipigwa, na wengine waliuawa. Hakuna mtu aliyewawekea kidole kwenye wino. Ni wilaya zile zile, watu wale wale, na miaka haikupita thelathini. Kidole gumba hakikuweza kuwashika wengi. Damu iliwashika hata kufa.

Lakini historia haituachi tujisifu. Uamsho wenyewe nao ulijaribiwa. Huko Uganda baadhi ya ndugu walianza kusema kuokoka hakutoshi, lazima uamke tena, nao wakaweka masharti juu ya mambo kama kukopa pesa. Mwaka 1971 ndugu waligawanyika. Watu waliozaliwa kwa neema walianza kupimana kwa orodha. Hii ndiyo Galatia kabisa: kuanza kwa Roho na kutaka kumaliza kwa mwili.

Sasa tujiangalie sisi. Dada anatoka Gatwekera, ameacha mume mlevi, ana watoto wawili na suruali moja ya kutokea. Jumapili anafika mlangoni. Neno la kwanza analosikia kanisani ni jina la Yesu, au ni habari ya suruali? Kijana wa Gatina ameacha bangi wiki mbili zilizopita. Tunamuuliza kuhusu nywele zake, au tunamuuliza usiku huwa anapitaje?

Kanisa liwe na utaratibu. Pesa za sadaka zihesabiwe na watu zaidi ya mmoja. Watoto walindwe. Dhambi iitwe dhambi. Lakini utaratibu hukaa ndani ya nyumba, hauwi mlango. Mlango ni Kristo. Katika Matendo 15 mitume waliketi Yerusalemu juu ya jambo hili hili. Kule, watu waliambiwa hawaokoki bila kutahiriwa. Petro akauliza kwa nini wawabebeshe wanafunzi nira ambayo wao wenyewe na baba zao walishindwa kuibeba.

Na neema si ulegevu. Tito 2:11-12 inasema neema hiyo hiyo iokoayo ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya. Ni mwalimu. Anafundisha polepole kuliko sheria, lakini mwanafunzi wake hafaulu mtihani wa Jumapili akaanguka Jumatatu.

Wiki hii fanya jambo moja. Mkumbuke mtu aliyeacha kuja kanisani kwa sababu ya sheria fulani yetu. Mpigie simu. Usimwulize anavaa nini siku hizi. Mwulize anaendeleaje, kisha uombe naye.

Baba, utuondolee wino vidoleni, utuandike mioyoni. Katika jina la Yesu, Amen.