Kutatua Mlinganyo wa Kitrigonometria

Watoto wengi wa Tanzania husoma hisabati kwa Kiswahili hadi wamalize shule ya msingi, kisha sekondari wanahamia Kiingereza. Trigonometria inawakuta huko. Ndiyo maana istilahi zake za Kiswahili hazijazoeleka midomoni, ingawa mwalimu akiona darasa limeduwaa hurudi kwenye Kiswahili bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mlinganyo ni istilahi isiyo na taabu. Imetokana na kulingana: pande mbili za alama ya sawasawa zina thamani moja. Ukiwa wa kitrigonometria, basi kisichojulikana ni pembe, nayo imejificha ndani ya sini, kosini au tanjenti. Naandika sini kwa kuwa saini tunaiweka kwenye hati. Jina hilo limesafiri mbali: kwa Kisanskriti lilikuwa jya, yaani upote wa upinde, Waarabu wakaliandika kwa herufi zilizokuja kusomwa jaib, na wafasiri wa karne ya 12 wakaligeuza kwa Kilatini kuwa sinus. Katika hesabu yenyewe tunabaki na alama sin, cos na tan, kama watu wengine wengi.

Kila penye sin na alama ya sawasawa si lazima pawe na kitu cha kutafuta. Ukiandika sin²x + cos²x = 1, umesema jambo ambalo ni kweli kwa pembe yoyote utakayoitaja. Hapo x ni kigeu tu. Lakini 2 sin x − 1 = 0 ni kweli kwa baadhi ya pembe na si kweli kwa nyingine, na kazi yetu ni kuzipata hizo zinazokubali.

Kazi hiyo tunaiita kutatua, na kitenzi hiki nakipenda. Ni ndugu wa fungua, zibua na chomoa, vitenzi vinavyorudisha nyuma kilichotendwa: kilichotatana hutatuliwa. Ndivyo hesabu inavyokwenda. Mtu alichukua pembe x, akatafuta sini yake, akazidisha kwa 2, akatoa 1, akabaki na 0. Sisi tunaanzia alikoishia: tunajumlisha 1, tunagawanya kwa 2, tunapata sin x = 1/2. Kila hatua ina kinyume chake kimoja, na mwanafunzi wa darasa la saba angetufikisha hapo.

Sini ndiyo inayogoma. Pembe ya nyuzi 30 ina sini ya 1/2, na ya nyuzi 150 vilevile. Ongeza nyuzi 360 kwa kila moja upate 390 na 510, ongeza tena, na tena; hakuna mwisho. Kikokotoo kitakupa 30 na kunyamaza, maana kimetengenezwa kitoe pembe moja tu, iliyo kati ya nyuzi −90 na 90. Zilizobaki ni juu yako.

Wanafunzi huona hizo pembe za ziada kama ukorofi wa mtungaji wa mtihani. Ningekuwa nafundisha pwani, ningewapeleka kwenye maji. Tuchukue mlango wa bandari ndogo ambao wakati wa bamvua kina chake hushuka hadi mita 0.4 na kupanda hadi mita 3.6. Tukadirie kwamba maji hujaa na kupwa kwa mzunguko wa saa 12. Kwa kweli ni kama saa 12 na dakika 25, lakini 12 inaturahisishia. Tukianza kuhesabu saa pale maji yanayojaa yanapopita kimo cha kati, kina baada ya saa t kitakuwa k = 2 + 1.6 sin 30t, pembe ikiwa katika nyuzi.

Jahazi lenye shehena linahitaji mita 2.8 lisikwame. Tunaweka 2.8 mahali pa k, tunatoa 2, tunagawanya kwa 1.6, na tunakutana tena na 1/2. Kwa hiyo 30t ni 30, na t ni saa 1. Nahodha akiambiwa hilo tu, anajua aingie lini na hajui atoke lini. Nyuzi 150 ndizo zinazompa t = 5, maji yakiwa yanapwa. Kati ya saa ya 1 na ya 5 mlango unapitika. Kisha tena kati ya saa ya 13 na ya 17. Jahazi la mita 3.6 lina nafasi moja kila mzunguko, saa ya 3 kamili, na sidhani kama kuna nahodha mwenye akili timamu atakayeijaribu. La mita 4 linataka sini ya 1.25, na sini haivuki 1: mlinganyo hauna jawabu, na chombo hakipiti.

Majawabu hupotea pia kwa haraka ya mkono. Ukipewa 2 sin x cos x = sin x, utatamani kugawanya pande zote kwa sin x. Utabaki na cos x = 1/2, yaani nyuzi 60 na 300, huku umezitupa 0 na 180, ambazo sini yake ni sifuri na zinaukubali mlinganyo vizuri kabisa. Hamisha kila kitu upande mmoja, toa sin x nje ya mabano, kisha shughulikia kila kipande peke yake.

Kwa hiyo walimu na watunzi wa vitabu, lile agizo tulilolizoea la "tafuta thamani ya x" halitoshi hapa. Andikeni "tafuta thamani zote za x", na mtaje mipaka: kutoka nyuzi 0 hadi 360, au vyovyote mtakavyo. Bila mipaka hiyo, orodha ya majawabu haiishi, na msahihishaji hana haki ya kumkata alama mtoto aliyeandika 390.