Neno "hwaiting" lilivyoishinda taasisi ya lugha

Kila tarehe 9 Oktoba Korea Kusini husherehekea Hangul, hati aliyoitangaza Mfalme Sejong mwaka 1446, na kila mwaka lawama ni ileile: Kiingereza kimezidi. Mshtakiwa mzoefu ni "hwaiting".

Asili yake ni neno la Kiingereza la kupigana, ambalo Wajapani nao waliligeuza kelele ya kushangilia, "faito". Kule Korea limetoka uwanjani likaingia majumbani. Mama humwambia mwanawe neno hilo langoni asubuhi ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, ngumi ameikunja, na hakuna anayepigana. Ni "jikaze" na "kila la heri" kwa pumzi moja.

Ugomvi ulianzia kwenye tahajia. Kikorea hakina f, na kanuni za mwaka 1986 zinaagiza f ya kigeni iandikwe p. Kamusi ikasema "paiting". Watu wakaendelea na "hwaiting" yao. Mwaka 2004 Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kikorea, ikishirikiana na gazeti la Dong-A Ilbo, ikaamua kulitafutia neno mbadala kabisa. Likachaguliwa "aja", mguno wa Kikorea chenyewe, kama "haya!" ya mtu anayejitwisha gunia. Wananchi hulitumia vizuri tu, ila hulibandika mbele ya lile walilotakiwa kuliacha: "Aja aja hwaiting!" Sisi Waswahili, tuliogeuza "keep left" kuwa kipilefti na vipilefti, hatuna ubavu wa kuwacheka.

Julai 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, viti vya uwanja wa upinde wa Yumenoshima vilikuwa vitupu kwa sababu ya korona. Mchezo wenyewe ni wa kimyakimya. Kim Je-deok, kijana wa miaka 17, akaujaza uwanja mzima kwa sauti yake: "Korea paiting!" Akarudi nyumbani na dhahabu mbili. Katika fainali ya timu za wanaume, mwenzake Oh Jin-hyek, aliyemzidi zaidi ya miaka ishirini, aliachia mshale wa mwisho kwa neno moja la Kikorea safi: "Kkeut." Yamekwisha.

Septemba mwaka huohuo Kamusi ya Oxford iliingiza maneno zaidi ya ishirini yenye asili ya Korea, na hili la "hwaiting" likiwamo, kwa maana yake ya Kikorea. Waingereza wamerudishiwa neno lao likiwa limebadilika tabia. Seoul, kamusi bado inaliandika kwa p.