Ufadhili wa masomo na diplomasia ya ushawishi, Nakuru

Taifa linapomlipia karo mwanafunzi wa kigeni, hutarajia kupata rafiki wa baadaye. Nakuru ina mfano mashuhuri: Wangari Maathai, aliyezaliwa Nyeri mwaka 1940 na kuishi sehemu ya utoto wake katika shamba la mlowezi karibu na mji wa Nakuru, alikofanya kazi babake. Mwaka 1960 alisafiri kwenda Marekani katika mpango wa ndege za wanafunzi uliopiganiwa na mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya. Safari za mwaka huo zililipiwa na wakfu wa familia ya Kennedy, John F. Kennedy akiwania urais. Vita Baridi vilikuwa vimepamba moto, na ukarimu huo, kusema kweli, haukukosa hesabu za kisiasa. Maathai alirudi mwaka 1966 na shahada mbili.

Leo Uchina ina Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, inayofunza Kichina na kushirikiana katika kilimo. Huko Lanet, pia Nakuru, mambo hugeuka na Kenya ndiyo huwa mwenyeji: Chuo cha Kijeshi cha Kenya, sehemu ya Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Ulinzi kilichopewa hati mwaka 2021, hupokea pia makadeti wa nchi rafiki.