Mabanda ya Stag Lane: Historia Fupi ya Kampuni ya de Havilland

Tarehe 25 Septemba 1920, katika kiwanja cha majani kiitwacho Stag Lane, pale Edgware, kaskazini ya London, watu wachache ambao kazi zao zilikuwa zimekatika kwa kuisha kwa vita walianzisha kampuni ya kuunda ndege, wakaipa jina la mtu aliyekuwa roho yake, Geoffrey de Havilland. Rasilimali yao ilikuwa haba, majengo yao yalikuwa mabanda ya mbao, na wanunuzi walikuwa bado hawajapatikana. Miaka mia na zaidi imepita tangu siku hiyo, na kampuni yenyewe ilikwisha kuingizwa ndani ya Hawker Siddeley mwaka 1960. Walakini sisi wa Afrika ya Mashariki tuna sababu yetu wenyewe ya kuikumbuka kwa taadhima, maana ndege ya kwanza kuandikwa katika daftari la ndege la Kenya ilitoka katika mabanda hayo.

Geoffrey alizaliwa mwaka 1882 karibu na High Wycombe, mwana wa kasisi, na tangu ujana wake alipenda mashine, na kadhalika alipenda wadudu, hususan vipepeo, ambao aliwajua kwa majina na kwa majira yao. Alipoazimia kuunda ndege alimwendea babu yake mzaa mama, Jason Saunders, na mzee huyo akampa pauni 1,000. Rafiki yake Frank Hearle akawa fundi mwenziwe, na mkewe Louise akawa mshonaji wa kitambaa cha mabawa. Msomaji wa pwani hatalistaajabia jambo hili kama mgeni atakavyolistaajabia, kwa kuwa wazee wetu wa Lamu walikata bahari kwa mitepe, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi, pasi na msumari hata mmoja. Ndege hiyo ya kwanza ilivunjika mwezi Desemba 1909, katika jaribio lake la kwanza, naye akasalimika. Ya pili, aliyoitia injini ileile, iliruka mwezi Septemba 1910, serikali ikainunua kwa pauni 400, na muundaji wake akaajiriwa huko Farnborough.

Juu ya miaka ya vita sitasema mengi. Alihamia kampuni ya Airco, ya bwana George Holt Thomas, na huko akachora ndege za kivita zilizoundwa kwa maelfu, zikiwamo DH.4 na DH.9. Amani ilipokuja, serikali ilikuwa na ndege nyingi kuliko marubani, na wala hapakuwa na haja ya mpya. Airco ikauzwa, na wanunuzi wake hawakuitaka kazi ya ndege. Hapo ndipo Holt Thomas alipotoa pauni 10,000 ili fundi wake asimame peke yake. Akasimama pamoja na Hearle, na Charles Walker aliyekuwa bingwa wa hesabu za nguvu na uzito, na Wilfred Nixon mtunza fedha, na Francis St Barbe aliyejua kuuza. Na aghalabu watu hawa walibaki pamoja maisha yao yote ya kazi, jambo ambalo kwangu mimi lina thamani kuliko ndege yoyote waliyoiunda.

Mwaka uliofuata kidogo waangamie. Mwenye kiwanja alitaka wakinunue kwa pauni 20,000 ama wahame, nao hawakuwa na fedha hizo. Katika siku hizohizo akaja kijana tajiri, Alan Butler, aliyetaka kuundiwa ndege yake binafsi. Na katika mazungumzo akauliza kama kampuni ingependa kupokea fedha zake ziwe sehemu ya mtaji. Kiwanja kikanunuliwa. Butler akawa mwenyekiti wa kampuni mwaka 1924, na kiti hicho hakukiacha kwa miaka mingi.

Tangu hapo dhamira ya de Havilland ilikuwa kuunda ndege ambayo mtu wa kawaida ataweza kuinunua, kuiweka na kuirusha. Jaribio moja lilikuwa DH.51 ya mwaka 1924, iliyotiwa injini ya zamani kutoka katika ghala za masalio ya vita, zilizokuwa zikiuzwa kwa bei ya chini mno. Wakaguzi wa serikali hawakuridhika nayo, kwa sababu ilikuwa na njia moja tu ya kuwashia moto. Ikalazimu kutia injini ya Airdisco, gharama ikapanda, na ndege zikaundwa tatu tu. Wengine wangekata tamaa. De Havilland aliitazama injini hiyo ya Airdisco, yenye silinda 8 zilizopangwa safu mbili, nne huku na nne huku, akamwuliza mhandisi Frank Halford iwapo haiwezekani kuchukua safu moja tu. Na Halford akaikata injini ile nusu, kama mtu agawavyo embe, akapata injini nyepesi ya silinda 4 yenye nguvu za farasi 60. Ikaitwa Cirrus.

Juu ya injini hiyo ndipo ilipoundwa ndege ambayo Geoffrey mwenyewe aliirusha pale Stag Lane siku ya Jumapili, tarehe 22 Februari 1925. Ilikuwa ya mbao na kitambaa, yenye viti viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Na mabawa yake, ambayo yakikunjuliwa hufika takriban futi 30, yaliweza kufunguliwa kwa kuchomoa pini, yakazungushwa nyuma yakalala ubavuni mwa mkia, hata ndege nzima ikapungua upana chini ya futi 10 na kuvutwa kwa motokaa hadi nyumbani. Mabawa hayo yaliyolala yalimkumbusha nondo, yule kipepeo wa usiku atuaye ukutani. Basi akaiita Moth, ambalo ndilo jina la nondo kwa Kiingereza, na ndugu zake waliofuata, Gipsy, Puss, Fox, Leopard, Hornet na Tiger, wote wakarithi jina hilo.

Serikali ikazisaidia klabu za urushaji, na watu ambao hapo kwanza wasingeliota kushika usukani wa ndege wakajifunza. Injini ya Gipsy ilipotoka, kampuni ikatia moja lakiri, ikairusha saa 600, kisha ikaifungua mbele ya watu, wakaona vyuma vyake vingali vizima. Geoffrey na Louise walipanda pamoja mwaka 1928 hadi futi 19,980. Na yule aliyeshona kitambaa cha ndege ya kwanza akawa amekaa juu ya mawingu na mumewe. Binti mmoja aliyejifunza pale Stag Lane, Amy Johnson, aliondoka Croydon tarehe 5 Mei 1930 katika Gipsy Moth iliyokwisha tumiwa na wengine, akafika Darwin, Australia, tarehe 24 ya mwezi huohuo, peke yake.

Huku kwetu, mwaka 1929, Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mjini Nairobi, na chombo chake cha kwanza kilikuwa Gipsy Moth moja, rubani wake Tom Campbell Black. Baadaye ndege za de Havilland zilichukua barua na abiria hata Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, na waraka uliokuwa ukingoja meli siku nyingi bandarini ukawa unapita juu ya mikoko asubuhi na kufika siku ileile. Kiwanja cha Wilson kingalipo Nairobi kwa jina hilo.

Haikuwa baraka tupu. Baadhi ya Puss Moth zilivunjika mabawa angani na kuua waliokuwa ndani, hata uchunguzi mrefu ukaonyesha ubovu katika mihimili ya mabawa, ukarekebishwa. Mji nao ulikuwa ukiizingira Stag Lane kwa nyumba, kampuni ikahamia Hatfield, na mwezi Julai 1934 Geoffrey mwenyewe akaondoa ndege ya mwisho katika kiwanja kile.

Mwaka huohuo yalifanyika mashindano ya ndege kutoka Mildenhall, Uingereza, hadi Melbourne, Australia. Kampuni ilikuwa imeahidi kuunda ndege mpya kwa ajili yake kwa pauni 5,000 kila moja, bei isiyolipa gharama, na tatu zikaagizwa. Hiyo ndiyo DH.88 Comet: ngozi ya mabawa yake ilikuwa vipande vyembamba vya mbao vilivyobandikwa kwa mshazari, tabaka juu ya tabaka, hata mbao zenyewe zikabeba nguvu. Tarehe 20 Oktoba Campbell Black, yule rubani wa Nairobi, aliondoka na C. W. A. Scott katika Comet nyekundu, nao wakafika Melbourne wa kwanza katika muda usiotimia saa 71. Elimu hiyo ya mbao na gundi ndiyo iliyozaa Albatross, na kisha Mosquito ya vita vilivyofuata.

Vita hivyo na miaka iliyofuata vilimgharimu Geoffrey wanawe wawili, marubani wa kampuni: John mwaka 1943, na Geoffrey mdogo mwaka 1946. Naye mwenyewe alifariki mwezi Mei 1965. Katika mwaka huohuo, ile DH.51 ya tatu, iliyoshushwa Mombasa katika makasha kwa ajili ya bwana John Carberry, ikaruka Kenya mwaka 1926, ikaandikwa ya kwanza katika daftari la koloni na kuitwa Miss Kenya, ilirudishwa Uingereza ndani ya tumbo la ndege kubwa ya mizigo. Mafundi walifanya kazi juu yake kwa miaka kadhaa, na mwaka 1973 ikaruka tena. Leo iko Old Warden, hukohuko Uingereza, na siku ambazo upepo umetulia hutolewa bandani, rafadha yake ikazungushwa kwa mkono.