Kariakoo: Kutoka Baraza hadi Fremu

Kariakoo, upande wa magharibi wa Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam, ilianza kama mtaa wa makazi. Katika miaka ya mwisho ya utawala wao Wajerumani waliugawa mji kwa rangi. Wazungu waliwekwa mashariki karibu na bahari, Wahindi na maduka yao katikati, na Waafrika ng'ambo ya uwanda wa wazi ulioachwa makusudi kuwatenga. Eneo la Waafrika, lililokuwa na mashamba ya minazi, lilipimwa mitaa iliyonyooka na viwanja vidogo vinavyolingana. Jengo la soko lilisimamishwa pia, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vikaingia kabla halijatumika. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliwaweka hapo wapagazi wa jeshi lao, yaani Carrier Corps, na jina la mtaa likatokana na hao. Soko lenyewe lilifunguliwa mwaka 1923.

Historia ya biashara ya Kariakoo haieleweki bila kuitazama nyumba iliyojengwa kwenye viwanja hivyo. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, vitatu kila upande, na ukumbi uliopita katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, kwenye jiko, choo na kisima. Kuta zilikuwa za miti na udongo, paa la makuti na baadaye bati. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Mbele palikuwa na baraza, na biashara ndogo zilianzia hapo. Asubuhi mwanamke wa nyumba alikaanga vitumbua na maandazi akayapanga kwenye sinia barazani. Jioni muuza kahawa alipita na dele lake juu ya jiko la mkaa, akigonganisha vikombe ili wanaocheza bao wajue amefika. Haikuhitajika kodi ya duka wala mtaji mkubwa. Baraza ilikuwa ya mwenye nyumba, na wateja walikuwa majirani.

Maduka yenyewe, kwa maana ya chumba chenye kaunta na mizani, yalikuwa zaidi mikononi mwa Wahindi na Waarabu. Ingawa mtaa ulikusudiwa Waafrika, wafanyabiashara wa Kihindi walijenga kulizunguka soko na kuishi nyuma au juu ya maduka yao. Washihiri kutoka Hadhramaut walifungua maduka madogo pembeni mwa mitaa, wakiuza sukari kwa kipimo, mafuta ya taa kwa chupa na sigara mojamoja. Mteja alikopeshwa hadi mwisho wa mwezi, deni likaandikwa daftarini. Daftari hilo lilimfunga mpangaji kwa mwenye duka, na lilikuwa mojawapo ya sababu za uchungu wa muda mrefu kati ya pande hizo mbili. Vita vya Pili vya Dunia vilizidisha uchungu huo, kwa kuwa mgawo wa chakula ulifuata rangi, na mchele na ngano vikahesabiwa kuwa riziki ya wengine.

Hoteli, kama zilivyoitwa sehemu za kula ambazo hazikuwa na hata kitanda kimoja, zilikuwa vyumba vya mbele vyenye meza mbili tatu na mabenchi. Ziliuza chai ya maziwa, chapati, maharage, wali na samaki. Wateja wake wengi walikuwa makuli wa bandarini na vijana waliopanga chumba bila mtu wa kuwapikia. Humo ndimo habari za mji zilimosambaa. Chama cha TANU kilizaliwa hatua chache kutoka hapo, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, tarehe 7 Julai 1954, na mazungumzo yake yakaenea kupitia vijiwe hivyo vya chai na kahawa.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilijitwalia biashara ya jumla na ya nje. Mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000 na kuziweka chini ya Msajili wa Majumba. Ghorofa nyingi zilizochukuliwa zilikuwa za Wahindi, na wengi wao wakaihama nchi. Nyumba za vyumba sita, kwa udogo wa thamani yake, zilisalimika na kubaki kwa wenyewe. Jambo hilo lilikuja kuwa na uzito mkubwa miaka 20 baadaye.

Miaka hiyohiyo soko la zamani lilibomolewa likajengwa jipya. Mchoraji wake alikuwa Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania aliyesomea Haifa. Aliezeka soko kwa miavuli mikubwa ya zege inayoachama juu, kama wauzaji wamekaa chini ya miti, ikipitisha hewa na kukinga maji ya mvua. Chini alichimba ghorofa ya ardhini yenye njia ya malori, sehemu ambayo watu waliiita Shimoni. Rais Julius Nyerere alilifungua rasmi Desemba 1975. Kwa ubora wa fikra, hakuna jengo la biashara la enzi hiyo nchini linaloweza kulipita.

Soko likapata paa, bidhaa zikapotea. Operesheni Maduka ya 1976, iliyotaka maduka ya watu binafsi yafungwe na nafasi yake ichukuliwe na ya ushirika, haikudumu. Vita ya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta vilimaliza fedha za kigeni. Unga wa ngano ulipitia Shirika la Taifa la Usagishaji, na unga ulipokosekana matanuri ya mikate yalilala baridi. Sukari, sabuni na mafuta ya kupikia viligawiwa kwenye maduka ya kaya, ambako watu walipanga mawe kwenye foleni tangu usiku kushika nafasi zao. Mihogo ya kuchemsha na viazi vikachukua nafasi ya mkate. Mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulijaza mahabusu bila kujaza rafu.

Mlango ulifunguliwa kwa bajeti ya 1984/85, iliyomruhusu mwenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alikozipata. Mitumba ikaenea, na enzi ya Rais Ali Hassan Mwinyi ikaitwa enzi ya ruksa. Wafanyabiashara walianza safari za Dubai, kisha, miaka ya 2000, Guangzhou. Wachaga, Wapemba, na Wakinga kutoka Makete walikuwa miongoni mwa waliojipatia nafasi kubwa katika maduka mapya. Said Salim Bakhresa, aliyeanza na mgahawa mdogo jijini katikati ya miaka ya 1970, aliingia kwenye usagaji wa nafaka, na kampuni zake zikauza unga wa ngano uliorudisha mkate na chapati kwenye meza za watu.

Hapo ndipo nyumba ya vyumba sita ilipopata bei. Kwanza ukuta wa chumba cha mbele ulitobolewa ukawekwa mlango wa chuma. Kisha baraza ikajengewa. Mwishoni mwenye kiwanja aliingia mkataba na mwenye fedha, nyumba ikabomolewa ikainuka ghorofa, naye akapewa sehemu yake ya vyumba au fremu za maduka. Fremu ya Kariakoo mara nyingi ni nyembamba kiasi kwamba watu wawili hupishana kwa kujikunja, na mzigo umepangwa kutoka sakafuni hadi darini. Ili kuipata, mpangaji hulipa kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, na mara nyingine kilemba kwa anayemwachia. Nje husimama winga, ambaye hana duka wala mzigo, bali huwafuata wateja barabarani na kuwapeleka kwenye maduka akitegemea tofauti ya bei. Wanunuzi hutoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro.

Hoteli ya chumba cha mbele haikuweza kushindana na kodi hiyo. Mahali pake pameshikwa na mama lishe, ambaye jiko lake liko kwenye uchochoro au ua uliosalia. Kwa kuwa mwenye fremu hathubutu kuliacha duka mchana, chakula humfuata. Mama lishe hupita asubuhi akichukua oda, saa saba hurudi na hotpoti za wali, ugali, dagaa na mchicha, na jioni hukusanya sahani na fedha. Bila wanawake hawa Kariakoo isingefanya kazi hata siku moja, na hata hivyo kila operesheni ya kusafisha barabara, ikiwemo ya Oktoba 2021 iliyowaondoa machinga, huwasukuma wao pia.

Msongamano umekuwa na gharama. Julai 2021 moto uliteketeza soko la Amuli. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa nne liliporomoka katika eneo la mitaa ya Mchikichi na Kongo na kuua watu zaidi ya 20. Serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya eneo lote. Mbali na majanga hayo, wafanyabiashara walifunga maduka Mei 2023 wakilalamikia kodi za serikali, wakarudia Juni 2024. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za jumla na rejareja, kufuatia manung'uniko yaliyosikika zaidi Kariakoo.

Nyumba za vyumba sita zilizobaki sasa ni chache. Halmashauri ya jiji, vyuo vya usanifu na makumbusho wangepaswa kuzipima na kuzipiga picha, na kuandika kumbukumbu za waliopika na kuuza kwenye baraza zake, kabla ya mkataba wa mwisho kutiwa saini.