Jiko la makaa haliombi intaneti

Cuzo yangu amepata keja. Bedsita, ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka Dagoretti Corner ukiingia Naivasha Road. Kabla hata hajanunua godoro, alikuwa amenitumia skrinshoti sita: balbu inayobadilisha rangi kwa simu, soketi unayoweza kuizima ukiwa ndani ya mathree, kamera ya mlangoni, kufuli ya alama ya kidole, na vingine viwili ambavyo sikuelewa vinafanya nini. Chini akaandika, "Niambie gani ni ya maana, nataka kuoda leo."

Nilianza kumjibu kwa WhatsApp, jibu likawa refu, nikaona afadhali nilete hapa. Kwa sababu swali lake lina historia, na si lazima uende California kuitafuta. Sehemu kubwa imetokea jikoni kwetu, hapa Nairobi.

Wauzaji wanaviita smart. Mimi nitaviita vifaa janja, ndio tukumbuke kuuliza mjanja ni nani kati ya kifaa, aliyekitengeneza na wewe uliyetoa doo.

Tuanze na mwisho wa Januari 2026, siku ambazo KOKO Networks ilifunga kazi Kenya. Kama umeishi Kawangware, Riruta, Kibra au mtaa wowote wa ploti unaijua. Jiko la kupikia sufuria mbili kwa wakati mmoja, linatumia ethanoli, ile ya molasi ya miwa. Pembeni lina kimtungi. Kikiisha, unakibeba hadi duka la karibu, unakiingiza kwa mashine iliyokaa kama ATM, unalipa kwa M-Pesa, mashine inakitambua na kukijazia mafuta ya pesa uliyonayo. Kama ni kidogo, ni kidogo. Zaidi ya nyumba milioni moja zilikuwa zikipika hivyo. Hilo, wasee, ndilo lilikuwa jiko janja lililoenea zaidi nchi hii. Wengi waliokuwa nalo hawakujua wana kifaa janja, walijua tu wali umeiva.

Bei ya jiko na ya mafuta ilikuwa chini kwa sababu pengo lilitarajiwa kuzibwa na pesa za kaboni. Kila nyumba inayoacha makaa inahesabiwa kuwa imepunguza moshi kiasi fulani, na hesabu hiyo inauzwa nje kwa kampuni zinazotaka kufidia uchafuzi wao. Ila soko lenye bei nzuri linataka barua ya idhini kutoka kwa serikali ya nchi. Barua haikutoka. Kampuni ikafunga, mamia ya wafanyakazi wakaenda nyumbani, mashine kwa maduka zikazimika.

Kuna wanaolaumu serikali, na wengine wanasema kampuni ilijenga nyumba juu ya barua ambayo haikuwa nayo. Hayo tubishane siku nyingine. Mimi kilichonishika ni kwamba hakuna jiko lililoharibika. Jumatatu lilipika, wiki iliyofuata likawa pambo. Kila kitu kwa nyumba kilikuwa sawa, kilichokufa kilikuwa mbali.

Na usiseme walioinunua walidanganywa. Kumbuka 2018. Februari serikali ilisimamisha ukataji miti misituni, gunia la makaa likapanda hadi watu wakaanza kununua kwa mkebe. Septemba mwaka huo mafuta ya taa yakaongezwa tozo ya shilingi 18 kwa lita, ati kuzuia watu kuyachanganya na dizeli. Mtu wa ploti akabanwa pande zote mbili. KOKO ilipoanza kuuza Nairobi 2019, ilikuta watu wamechoka na wanapiga hesabu. Ilikuwa safi zaidi na haikuacha sufuria nyeusi. Hata mimi ningeichukua.

Sasa rudi nyuma miaka arobaini na kitu.

Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa hapa Nairobi kuhusu nishati mbadala. Dunia ilikuwa imetoka kuchapwa na bei ya mafuta mara mbili katika miaka ya 1970, na kila mtu alikuwa akiongea kuhusu kuni na makaa. Wakati huo jiko la kawaida la mjini lilikuwa la bati tupu. Moto mwingi ulipotelea pembeni, ukapasha hewa na magoti ya mpishi, kidogo tu kikafika kwa sufuria. Wabunifu hapa, akiwemo Maxwell Kinyanjui, walichukua wazo kutoka Thailand, ambako watu walipikia jiko la udongo lililokaa ndani ya ndoo ya bati, wakaligeuza lifae chapati na ugali wetu. Kufikia 1982 lilikuwa sokoni. Ni lile lile unalolijua, chini limepanuka, katikati lina kiuno, juu limepanuka tena, na ndani ya nusu ya juu kuna bakuli la udongo uliochomwa. Vitabuni linaitwa Kenya Ceramic Jiko. Kwetu ni jiko tu, maana lilishinda hadi likapoteza jina.

Lilipunguza makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50. Halikuwa bila shida: matoleo ya kwanza udongo ulipasuka, mengine yaliyumba ukisonga ugali, na akina mama walisema wazi. Umbo likabadilishwa. Lakini cheki lilivyosambaa. Hakukuwa na kampuni moja iliyoshika ufunguo. Mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji waliliona, wakalipima kwa macho, wakakata bati. Wafinyanzi wakatengeneza udongo, na aliyeharibu aliigwa na aliyepatia. Bei ya mwanzo ilikuwa juu, ushindani ukaishusha. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, zaidi ya nusu ya nyumba za mijini Kenya zilikuwa nalo, na wazo lenyewe limevuka hadi Uganda, Rwanda na Ethiopia. Miradi ya wafadhili iliyolisukuma mwanzoni iliisha zamani. Jiko halikupata habari. Udongo ukipasuka leo, unanunua udongo peke yake, fundi anaupachika, jioni unachemsha githeri.

Najua mtu ataruka kwa komenti aseme natukuza makaa. Hapana. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia ya watu waliolala na jiko ndani wasiamke. Misitu nayo tunaijua. Kitu rahisi kinaweza kuua, na kitu janja kingeweza kuokoa yule aliyelala. Ndiyo maana KOKO kufa ni hasara ya kweli, na nyumba nyingi zitarudi kwa moshi.

Kwa hivyo sidhani swali la cuzo ni janja au rahisi. Mimi ningeuliza ufunguo unakaa wapi.

Angalia gesi. Zamani kila kampuni ya gesi hapa ilikuwa na valvu yake. Ukinunua mtungi wa kampuni fulani, umefunga nayo ndoa, maana rejileta ya mwingine haiingii. Kanuni za 2009 zikalazimisha valvu ya aina moja kwa mitungi ya kilo 6 na kilo 13. Mtungi wa gesi hauna akili yoyote, na bado kampuni ziliweza kukufungia kwa kipande cha shaba. Kilichokufungulia ni sheria iliyosema vifaa vifanane. Leo ukishuka Dagoretti Corner usiku na meko imeisha, huanzi kutafuta kampuni moja tu mtaa mzima. Kampuni moja ikifilisika, rejileta yako bado ina kazi.

Halafu kuna kifaa janja ambacho tayari kiko kwa ukuta wa cuzo na hajakitambua: mita ya tokeni. Zile tarakimu 20 ni mpango mtamu sana. Mfumo ulizaliwa Afrika Kusini, na uzuri wake ni kwamba mita haihitaji intaneti kabisa. Namba yenyewe imebeba ujumbe uliofungwa, mita yako pekee ndiyo inaweza kuufungua, na inajua hiyo namba haijatumika. Unaweza kuiandika kwa karatasi, ukaisoma kwa simu ya kabambe, ukamtuma mtoto wa jirani aibonyeze. Stima inarudi. Mtandao uwe umelala au umeamka, mita haijali.

Hata hiyo ilikuwa na bomu ndani. Ili kuzuia tokeni kutumika mara mbili, kila moja hupigwa muhuri wa dakika, zikihesabiwa kutoka 1 Januari 1993. Waliobuni walitenga nafasi ya dakika 16,777,216. Kwa hesabu ya 1993 hiyo ilionekana ni milele. Iliisha 24 Novemba 2024. Mita ambayo haingekuwa imepangwa upya ingekataa tokeni mpya, dunia nzima, si hapa tu. Ndiyo ile kelele ya Kenya Power ya "Update Token Meter Yako", ukinunua stima unaletewa namba tatu, unabonyeza mbili za kurekebisha kisha ya tatu ya yuniti. Watu walinung'unika, mimi mmoja wao. Lakini ona ilivyorekebishwa: kwa vidole vyako, kwa ukuta wako, bila kubadilisha mita. Jiko la KOKO halikuwa na namba ya kubonyeza.

M-KOPA nao, walioanza kuuza sola 2012, waliweka laini ya simu ndani ya kiboksi. Ulilipa shilingi 40 kwa siku, usipolipa taa zinakataa. Ilikuwa ni kufuli kabisa, na sijawahi kuipenda sauti ya hilo jambo. Ila mkataba ulikuwa na mwisho: maliza malipo, takriban mwaka mmoja, kifaa kinafunguliwa na kinakuwa chako. Kampuni ilishika ufunguo, kisha ikaurudisha.

Huko Marekani wenye pesa nao walipata somo hili, tena kwa bei kali. Revolv kilikuwa kiboksi cha dola 300 cha kuunganisha taa na kufuli za nyumba. Nest, iliyokuwa chini ya Google, ilinunua kampuni hiyo 2014, na Mei 2016 sava zikazimwa. Kiboksi kikabaki plastiki. Wateja walikuwa wamelipia chote, hakuna deni la mtu, na bado.

Yangu ni ndogo zaidi. Nilinunua balbu ya rangi mtandaoni, jina silitaji. Siku moja apu yake ikatoweka kwa simu baada ya kubadilisha simu, na kwa duka la apu haikuwepo tena. Balbu ni nzima. Shida ni kwamba mara ya mwisho nilikuwa nimeiweka zambarau. Sasa nasoma, napiga pasi na kula omena ndani ya klabu.

Kwa hivyo cuzo, hivi ndivyo ningefanya. Chukua kila skrinshoti uliyonitumia na ujifanye uko usiku wa 25 Agosti 2023, nchi nzima giza, hata uwanja wa ndege. Au 12 Mei 2024, nyaya za baharini zimekatika na intaneti inatambaa. Au kampuni imefunga bila kuaga. Kifaa chako kinafanya nini?

Soketi ikiwa na kitufe cha kubonyeza kwa mkono, sawa, ikikosa intaneti inarudi kuwa soketi. Nunua kama una sababu, kwa mfano wewe unayesahau pasi ikiwaka. Balbu, hapana, na ushahidi ni zambarau. Swichi ya ukuta iko futi mbili kutoka kitandani, hiyo ni bedsita, si ikulu. Kamera inayohifadhi video kwa kadi ndani yake naielewa. Inayohifadhi kwa sava ya mtu na kukulipisha kila mwezi ili uone mlango wako mwenyewe, sitaki kuisikia. Ya kupikia, nenda na meko ya kilo 6, na uweke jiko dogo la makaa kwa veranda la siku ngumu. Nje, tafadhali, na mlango wazi.

Kufuli ya kidole ndiyo tumebishania tangu juzi. Mimi nasema betri ikiisha saa tano usiku atalala kwa ngazi. Yeye anasema ina tundu la ufunguo wa kawaida, limefichwa chini ya kifuniko. Nimemwambia anitumie picha ya hilo tundu kabla hajatuma pesa. Hadi sasa ametuma picha tatu, zote za kidole.