Tumbo laweza kushiba, ubongo ukasalia na njaa

CHAI na andazi asubuhi, ugali kwa sukuma wiki jioni. Mtoto wa Kibera au Kawangware anayepata hayo kila siku huhesabiwa kuwa mwenye bahati, kwani wapo wanaolala bila kutia kitu kinywani. Hata hivyo, kushiba tumbo ni jambo moja na kulisha ubongo ni jambo jingine.

Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 tu ya uzani wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili. Mbali na nguvu hizo, huhitaji madini ya chuma, zinki na iodini, vitamini B12, pamoja na mafuta yapatikanayo katika samaki.

Ushahidi upo humu nchini. Kuanzia 1998, watafiti kutoka Marekani na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliwafuatilia wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule 12 za Embu. Baadhi walilishwa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi la nne halikulishwa shuleni. Matokeo yaliyochapishwa 2003 yalionyesha kuwa waliokula nyama ndio walioimarika zaidi katika mtihani wa kufikiri, ingawa nguvu zilizokuwa katika vyakula hivyo vitatu zilikaribiana. Tofauti haikuwa wingi wa chakula.

Nyama ni ghali, naam. Lakini omena, wanaopimwa kwa mkebe sokoni, huliwa wazima na wana chuma, zinki, B12 na mafuta hayo ya samaki. Maharagwe yaliyochemshwa, yauzwayo kando ya njia na kumwokolea mama gharama ya makaa, nayo yana chuma. Tatizo ni chai: ikinywewa pamoja na chakula, huzuia chuma hicho kuingia mwilini. Nyanya au chungwa husaidia kiingie. Afadhali chai isubiri saa moja hivi.

Unga nao una siri yake. Tangu 2012, sheria inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe chuma na zinki. Ule unaosagwa katika vinu vya mtaani kwa kawaida hauongezwi chochote, nao ndio wanaokimbilia wasio na pesa za pakiti.

Chipsi zinazokaangwa vituoni zina hatari ya aina nyingine. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, waliripoti kuwa vijana wenye afya waliokula vyakula vyenye mafuta na sukari nyingi kwa wiki moja tu walizorota katika majaribio ya kumbukumbu, na wakatamani vitafunio hata wakiwa wameshiba. Watafiti hao wanaamini kuwa sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu ndiyo pia humsaidia mtu kuzuia hamu ya kula. Ikidhoofika, mlaji huongeza sahani, na sahani hiyo huzidi kuidhoofisha.